Kunakili na Kubandika: Kutoka Mkasi na Gundi hadi Klipubodi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo tuongee historia kidogo, lakini kwanza niungame.

Mwaka 2006 nilikuwa nikichapa kazi za watu kwenye saiba moja hapa Kitale. Kikundi cha wakulima wa mahindi kiliniletea daftari la wanachama, niliingize kwenye kompyuta kisha niwachapie barua za mkutano wa kuagiza mbolea. Wengi walikuwa na sanduku la posta la Kitale, wachache la Bungoma. Sikutaka kuandika "30200 Kitale" kila mstari, kwa hiyo nilinakili mara moja nikawa nabandika tu. Alipofika mtu wa Bungoma nikanakili "50200 Bungoma", nikabandika, nikasonga mbele. Kumbe waliofuata walikuwa wa Kitale! Wanachama 37 wakahamia Bungoma bila kupanda matatu.

Mkutano ukapita, oda ikafungwa, na mvua ya kupandia haimsubiri mtu. Mwenyekiti, mzee mpole, alikuja na daftari lake akaniuliza: "Kijana wangu, hiyo mashini inajua Bungoma ni wapi?" Sikuwa na jibu.

Sasa historia. Kabla ya kompyuta, wahariri walikata karatasi kwa mkasi na kubandika vipande kwa gundi. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott wa Xerox PARC, California, waliwatazama wahariri wa vitabu wakifanya hivyo, wakaiga kazi hiyo ndani ya programu iliyoitwa Gypsy. Baadaye Tesler alihamia Apple. Kompyuta ya Lisa ilitoka mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, na herufi X, C na V zikaenea duniani. Tesler alifariki Februari 2020, na kila siku vidole vyetu bado vinafanya kazi yake.

Lakini klipubodi ile ilikuwa na kasoro moja: inashika kitu kimoja tu. Ukinakili cha pili, cha kwanza kimefutika, na wala huoni kilichomo mpaka ubandike. Ndiyo sababu zikazuka programu za kutunza orodha ya ulivyonakili. Watumiaji wa KDE kwenye Linux walipata Klipper, wa Windows wakapata Ditto. Office 2000 ilishika vitu 12, Office XP ikafikisha 24. Windows yenyewe ilichelewa hadi mwaka 2018, ilipoleta orodha inayofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na V. Unaiwasha mara moja, halafu unaweza hata kubana kile unachokitumia kila siku kisipotee ukizima mashine.

Ningekuwa nayo mwaka ule, ningebana "30200 Kitale" na "50200 Bungoma", nikachagua kwa macho badala ya kutegemea kumbukumbu.

Tahadhari moja: orodha hiyo haibagui. Ukinakili nywila, nayo inaweza kukaa humo. Kwenye kompyuta ya saiba au ya ofisi, ifute kabla hujaondoka.

Na somo kubwa nililipata baadaye, nilipoanza kuandika programu. Ukijikuta unabandika kitu kilekile mara mia, jiulize kwa nini hakijaandikwa mahali pamoja. Leo ningetengeneza jedwali dogo la miji na namba zake za posta, kila mwanachama akachaguliwa mji wake, basi. Ukikosea hapo, unasahihisha mara moja.

Yule mzee alinirudishia daftari msimu uliofuata. Safari hiyo tulisoma majina pamoja, mstari kwa mstari, yeye akitaja na mimi nikitazama kioo. Ilituchukua mchana mzima, na hakuna barua iliyopotea.

Haya, na wewe uliwahi kubandika nini pasipofaa? Tuonane wiki ijayo.