Bibo, Soda na Sheria: Historia ya Utamu Pwani ya Mtwara

Akitokea mtu leo akapendekeza vijiji vya pwani ya Mtwara vitunge sheria ndogo za kupunguza soda, ataambiwa anaingilia vinywaji vya watu. Historia ya pwani hii, kutoka Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, haikubaliani na lawama hiyo. Vinywaji vya huku vimekuwa chini ya sheria tangu zamani; cha kuuliza ni vipi vilibanwa na vipi vilifunguliwa njia. Kwa zaidi ya nusu karne sheria imemwandama mkulima wa korosho kwa sababu ya tunda la shambani mwake, huku sukari ya chupani ikipita bila kuulizwa.

Utamu wa zamani ulitoka jirani: dafu, togwa, asali, miwa. Baadaye likaongezeka bibo, tunda la mkorosho ambao Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Kusini. Bibo huwa na uzito wa mara tano ya korosho yake, au zaidi. Kwa hiyo msimu ule mmoja mikorosho ilizaa zaidi ya tani 700,000 za mabibo. Ni tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini likishaanguka halikai siku mbili bila kuharibika. Watu walilihifadhi kwa njia walizozijua: walikamua maji yake yakachacha yakawa uraka, au walilianika likawa kochoko. Kutokana na hayo lilipikwa gongo, pombe kali ya kienyeji. Sheria ya 1966 ilikataza kutengeneza gongo bila leseni, na ya 1968 ikaiweka biashara ya pombe chini ya leseni na saa maalumu. Sababu zilikuwepo, maana gongo huua. Lakini sheria iliuona mtambo wa gongo, haikuliona tunda. Mkulima aliambiwa asichotakiwa kupika, hakuonyeshwa namna ya kulihifadhi bibo bila kulevya.

Soda ilifika kwa njia nyingine kabisa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 sukari yenyewe ilikuwa bidhaa ya foleni, na masika yalipoanza barabara ya Kusini ilikatika. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja juu ya Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003, na kreti zikapata njia ya mwaka mzima. Kwenye pwani ya Waislamu wengi soda ilikuwa na sifa ambayo uraka haukuwa nayo: haileweshi. Ikakaa mbele ya mgeni, ikaingia harusini na kwenye vikao. Huo ni ugeni wa juzi, uliobebwa na lami na umeme. Kuuita mila ni kusahau upesi. Na chupa moja ya kola ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unamtaka mtu mzima asizidishe takribani gramu 50 kwa siku nzima.

Wapo wanaosema kwamba palipo na maji ya kisima yenye chumvi, chupa iliyofungwa kiwandani ni salama zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana sera ya soda isiyoanza na maji safi ya shule na zahanati ni maneno matupu. Wengine husema dafu na bibo navyo vina sukari. Vinayo, na juisi ya bibo si dawa. Ila dafu lina chini ya nusu ya sukari iliyomo katika kiasi hicho hicho cha soda, na fedha yake hubaki kijijini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sheria za vinywaji hazifui dafu, kwani gongo halijaisha hadi leo. Halijaisha kwa sababu sheria ilimkamata mpikaji bila kumpa kazi mbadala. Meksiko haikumkamata mtu: ilitoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari kuanzia Januari 2014, na mwaka huo ununuzi ukashuka kwa wastani wa asilimia 6. Kijiji hakina mamlaka ya kodi kama hiyo, lakini sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inakiruhusu kutunga sheria ndogo, na hiyo inatosha kuamua kinachouzwa langoni mwa shule na kinachonywewa kwenye vikao vya fedha ya umma.

Mfano wa kufuata uko kule kule mkorosho ulikotoka. Katika jimbo la Piauí, maji ya bibo huchujwa, hutiwa chupani na kuchemshwa bila pombe wala sukari ya kuongeza. Huitwa cajuína, na mwaka 2014 Brazili iliyatambua kuwa urithi wa taifa. Mtwara ina mikorosho, na ina kituo cha utafiti cha Naliendele kinachojua kusindika bibo. Halmashauri inayotaka kupunguza soda ianze na meza yake yenyewe: iiondoe kreti, na mahali pake iweke maji safi, dafu na bibo.