Historia na Mashahidi Wake

Watu wengi hudhani ya kuwa kujifunza historia ni kukariri majina ya wakubwa na miaka ya vita, kama mwalimu alivyoyaandika ubaoni. Zamani hata katika vyuo vya Marekani ndivyo ilivyokuwa: mwanafunzi alisoma kitabu kimoja, kisha alisimama mbele ya mwalimu akayasema yale yale aliyoyasoma. Lakini chuo kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa katika mji wa Baltimore mwaka wa 1876, na huko mwalimu Herbert Baxter Adams na wenziwe waliieneza desturi iliyotoka katika vyuo vya Ujerumani. Waliwaketisha wanafunzi kuizunguka meza moja, wakawawekea karatasi za kale zenyewe, wakawaambia wazisome, wazipime na kuzijadili. Siku hizi mwanafunzi wa chuo ajifunzaye habari za Marekani za karne ya kumi na tisa hutakiwa kuifanya kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi hiyo ilivyo, na kwa nini ni kazi ya haki, wala si ya elimu tu.

Karatasi hizo twaziita hati za asili, yaani maandishi yaliyotoka kwa watu waliokuwako wakati wa jambo lenyewe: barua, magazeti, wasia, hesabu za watu, daftari za wafanya biashara, na orodha za mali ya marehemu. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu ni vivyo hivyo. Baadhi ya hati hizo zagusa hata pwani yetu. Nguo ya merikani, ambayo babu zetu waliivaa na kuipeleka bara ikatumika kama fedha, jina lake latuambia ilikotoka. Na karatasi za Richard Waters, mtu wa Salem aliyekuwa konseli wa kwanza wa Marekani huko Unguja tangu mwaka wa 1837, zimehifadhiwa hata leo katika jimbo la Massachusetts. Tena pamba iliyofumwa katika viwanda vya jimbo hilo, sehemu yake kubwa ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1860 yaonyesha watumwa karibu milioni 4 katika Marekani. Lakini katika daftari za watumwa za mwaka wa 1850 na 1860, jina lililoandikwa ni la bwana; chini yake zikafuata mistari ya umri, mume au mke, na rangi ya mwili, na majina ya watumwa wenyewe kwa kawaida hayakutiwa. Wengi wao majina yao yalitokea katika hesabu ya nchi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1870, baada ya utumwa kufutwa mwaka wa 1865. Basi mwanafunzi amtafutaye mtu mmoja hana budi kurudi nyuma hatua kwa hatua: aanze na mwaka wa 1870, aende kwenye wasia wa bwana, kisha kwenye hati za kuuza na kununua, mpaka auone mstari usio na jina unaopatana na mtu wake.

Tena kupata hati si mwisho wa kazi. Wazee wakikaa barazani kukata shauri, hawamsadiki shahidi kwa kuwa amevaa kanzu nzuri, wala hawamkatai kwa kuwa ni maskini. Humwuliza: Ulikuwako? Uliona kwa macho yako, ama uliambiwa? Wapata faida gani katika maneno haya? Mwanafunzi naye afundishwa kuiuliza karatasi vivyo hivyo: nani aliyeiandika, lini, kwa ajili ya nani, kwa sababu gani, na ni jambo gani ambalo hakulitaja. Maana mwamba ngoma huvutia kwake, na mwandishi ni mwamba ngoma.

Twatoa mfano mmoja. Mwaka wa 1861 kitabu kilipigwa chapa katika mji wa Boston, chenye habari za mwanamke mtumwa aliyejiita Linda Brent. Mwenyewe jina lake la kweli lilikuwa Harriet Jacobs, wa mji wa Edenton katika jimbo la North Carolina. Bibi aliyemmiliki kwanza alimfundisha kusoma. Alipokufa, kwa wasia wake alimwachia binti mdogo wa dada yake, mtoto wa miaka mitatu. Baba wa mtoto huyo, Daktari James Norcom, akamwandama Harriet kwa maneno machafu na vitisho. Mwaka wa 1835 Harriet akatoroka. Alijificha chini ya paa la ghala katika nyumba ya nyanya yake, mahali penye urefu wa futi 9 na upana wa futi 7, na palipoinuka kupita pote palikuwa futi 3 tu. Alikaa humo karibu miaka saba, akiwaona watoto wake kwa tundu dogo bila kuwaita, mpaka mwaka wa 1842 alipopata chombo cha kumpeleka kaskazini.

Watu wengi waliosoma hawakusadiki. Walisema hakuna awezaye kuishi miaka saba katika tundu kama lile, na ya kuwa mtumwa hawezi kuandika vizuri hivyo. Bila shaka kitabu kilitungwa na Lydia Maria Child, mwanamke mweupe aliyekisahihisha. Ulrich Phillips, ambaye kitabu chake juu ya utumwa kilitoka mwaka wa 1918, alitegemea sana daftari za wenye mashamba, na habari za watumwa wenyewe aliziona hazina uthabiti. Hata John Blassingame, aliyeandika mwaka wa 1972 akiyasikiliza maneno ya watumwa, hakukikubali kitabu hiki. Hivyo mwanamke aliyesema kweli alihesabiwa kama hadithi.

Ndipo mwalimu Jean Fagan Yellin alipokwenda kutafuta mashahidi. Katika chuo kikuu cha Rochester zilikuwako barua alizoandika Harriet mwenyewe kwa rafiki yake Amy Post, akimweleza jinsi anavyokiandika kitabu usiku kwa siri, baada ya kazi yake ya kulea watoto wa watu. Barua za Child nazo zaonyesha ya kuwa alipanga na kusahihisha, hakutunga. Karatasi za jamaa ya Norcom zapatana na kitabu. Tena liko tangazo la gazeti la American Beacon la Norfolk, la mwaka wa 1835, ambamo Norcom aahidi dola 100 kwa atakayemkamata Harriet. Mwaka wa 1981 Yellin alitangaza ushahidi wake, na mwaka wa 1987 kitabu kilitolewa upya chini ya jina la Harriet Jacobs.

Tangazo lile hufaa sana kufundishia. Norcom aliliandika ili ampate mtumwa wake, wala hakujua ya kuwa analiandikia baraza la siku zijazo. Lathibitisha jina, mwaka na kutoroka. Lakini lasema pia ya kuwa msichana huyo amekimbia pasipo sababu yo yote inayojulikana. Mwanafunzi aliyefundishwa vema husimama hapo. Aliyeandika maneno hayo ndiye aliyekuwa sababu. Karatasi moja, basi, yaweza kusema kweli katika mstari mmoja na kuificha katika mstari wa pili. Na kitabu cha Harriet chaweza kuwa na majina yaliyobadilishwa, Norcom akiitwa Flint, kisha kikawa cha kweli, kwa kuwa aliyabadili ili kuwasitiri watu.

Wengine husema kumpima shahidi aliyeonewa ni kumwonea mara ya pili. Sisi hatuoni hivyo. Kama Harriet angalisadikiwa kwa huruma tu, kila asiyetaka kusikia angaliweza kumkana tena. Kilichowanyamazisha wenye shaka ni wino wake mwenyewe, uliopimwa kwa kipimo kile kile anachopimwa bwana. Aliyeonewa ni yule ambaye karatasi zake hazikufunguliwa, na daftari ya bwana ikasadikiwa pasipo maswali.

Siku hizi magazeti na hati nyingi za Marekani zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, hata mwanafunzi wa mbali aweza kuzisoma. Lakini maswali ni yale yale, na hayatafuti wakubwa peke yao. Katika zile daftari za mwaka wa 1850 na 1860 mistari isiyo na majina ingali mingi, na kila mmoja ulikuwa mtu.