Nauli

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliacha chuo akiwa mwaka wa pili. Alikuwa Marekani, amejiandikisha katika chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili ambavyo ada yake ni nafuu na mlango wake haubagui alama. Mpango ulikuwa amalize miaka miwili, kisha ahamie chuo kikuu. Tulipomuuliza kwenye simu kulikoni, alijibu, "Nimepumzika kwanza." Mama mkubwa akalipokea jibu hilo. Sisi wadogo tukalifasiri wenyewe: kumbe shule ilimshinda.

Ilipita miaka kabla hajanisimulia. Alikuwa akifanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Kutoka alikopanga hadi chuoni ni mabasi mawili. Mwezi mmoja walimpunguzia saa za kazi, kodi ya chumba ikagongana na nauli, akakosa vipindi vya hesabu kwa majuma mawili. Aliporudi darasani hakuelewa kinachoendelea. Akakosa tena, safari hii kwa aibu. "Mshauri wa masomo nilimwona mara moja tu, siku ya kujiandikisha," aliniambia. "Hata jina langu hakulishika."

Nilianza kusoma habari za vyuo hivi kwa sababu yake. Nilitaka kujua kama yaliyompata yalikuwa yake peke yake.

Chuo cha kwanza cha umma cha aina hiyo kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi sita. Wazo lilikuwa jepesi: kijana asome miaka miwili ya mwanzo karibu na nyumbani, kisha aende chuo kikuu kumalizia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo hivyo viliongezeka kila kona ya nchi, vikawa mlango wa watoto wa maskini, wa wahamiaji, wa watu wanaosoma huku wakifanya kazi.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kutokea upande wa pili ni jambo jingine. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark alichapisha makala baada ya kuchunguza chuo kimoja cha namna hiyo huko San Jose, California. Aliona kwamba wanafunzi wengi waliingia wakitaka kwenda chuo kikuu, ila wachache ndio waliofika. Kilichomshangaza ni jinsi chuo kilivyofanya kazi ya kuwapoza. Hakikuwafukuza. Kiliwaelekeza polepole, kwa mitihani ya kuwapanga na ushauri wa upole, mpaka mwanafunzi akashusha ndoto yake na kuamini kwamba ameamua mwenyewe. Niliposoma hapo nilikumbuka ile simu. Nimepumzika kwanza.

Historia ya programu za kuwasaidia wanafunzi wa namna hii ni historia ya watu waliokataa kupozwa. Nitaisimulia kwa mji mmoja, New York, kwa sababu pale inaonekana kuanzia mwanzo.

Chuo cha umma cha mji huo, City College, kilianzishwa mwaka 1847 na hakikutoza ada. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1960, wakati kiko katikati ya Harlem, mtaa wa watu weusi, wanafunzi wake walikuwa karibu wote weupe. Ada haikuwepo, lakini alama za kuingilia zilikuwa juu, na shule za mitaa ya maskini hazikuwafikisha watoto huko. Mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Mji wa New York, CUNY, kilianzisha programu iitwayo College Discovery katika vyuo vyake vya jamii. Miaka miwili baadaye, kwa shinikizo la wabunge weusi na Wapuerto Riko wa jimbo hilo, ikaja SEEK kwa vyuo vya miaka minne. Msingi wa zote mbili ulikuwa uleule: mpokee kijana ambaye alama zake hazikutosha, mpe masomo ya kujazia alichokosa, mshauri anayemfahamu, vitabu, na fedha kidogo za kujikimu.

Wapenzi wa fasihi watafurahi kujua nani walifundisha SEEK pale City College: Toni Cade Bambara, June Jordan, Audre Lorde, Adrienne Rich. Mina Shaughnessy, aliyeongoza masomo ya uandishi, alisoma maelfu ya insha za wanafunzi hao na mwaka 1977 akatoa kitabu, Errors and Expectations. Pale ambapo wenzake waliona uvivu au upungufu wa akili, yeye aliona makosa yenye mantiki, ya mtu anayejaribu kuandika lugha ya chuo ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Kila aliyewahi kurudishiwa insha ya Kiingereza ikiwa imejaa wino mwekundu ataelewa uzito wa hoja hiyo.

Programu ilikuwa ndogo, na wanafunzi wake walijua. Tarehe 22 Aprili 1969 wanafunzi weusi na Wapuerto Riko, wengi wao wa SEEK, walifunga kwa minyororo mageti ya upande wa kusini wa City College. Miongoni mwa madai yao matano, walitaka wanafunzi wa SEEK wawe na sauti katika uendeshaji wa programu yao, na wanafunzi wapya wafanane na sura ya shule za sekondari za mji. Mkuu wa chuo alijiuzulu Mei. Mwaka uliofuata CUNY ilifungua milango: kila aliyemaliza sekondari mjini alipata nafasi katika chuo kimojawapo. Wanafunzi wapya waliongezeka kutoka takriban 20,000 hadi takriban 35,000 kwa mwaka mmoja.

Kisha fedha ziliisha. Mji ulikaribia kufilisika mwaka 1975, na mwaka 1976 CUNY ilianza kutoza ada, baada ya miaka 129 ya kusomesha bure. Ni vigumu kutoona kwamba bure ilikoma muda mfupi tu baada ya watoto weusi na Wapuerto Riko kuanza kuingia kwa wingi. Chuo cha jamii cha Hostos, kilichofunguliwa Bronx katika jengo lililokuwa kiwanda cha matairi, kikifundisha kwa Kihispania na Kiingereza, kilipangwa kufutwa. Wanafunzi na walimu wake walilikalia jengo, wakaandamana, na kikabaki. Kipo hadi leo.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho takwimu pekee hazionyeshi. Msaada huu haukuwahi kuwa zawadi iliyotulia mahali pake. Ulidaiwa, ukatolewa, ukapunguzwa, ukadaiwa tena. Kizazi kimoja kikipumzika, kinachofuata kinakuta mlango umerudishwa nusu.

Mwaka 2007 CUNY ilianza jaribio jipya katika vyuo vyake vya jamii, kwa jina ASAP. Mwanafunzi anakubali kusoma muda wote, na chuo kinakubali kumshika mkono kwa miaka mitatu. Ada iliyobaki baada ya ruzuku inafutwa. Anasaidiwa vitabu. Anapewa kadi ya treni na basi, bure. Anaonana na mshauri mara kwa mara, na katika miaka ya mwanzo mshauri huyo alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati mshauri wa kawaida katika vyuo hivyo alikuwa na 600 hadi 1,500.

Taasisi ya utafiti ya MDRC ikafanya jambo ambalo ni nadra katika elimu. Ilichukua wanafunzi 896 wa kipato cha chini, waliokuwa wakihitaji masomo ya kujazia, ikawagawa kwa bahati nasibu: nusu ASAP, nusu huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya wa ASAP walikuwa wamehitimu. Wa upande wa pili ni asilimia 22. Waliokuwa wamehamia vyuo vya miaka minne walikuwa asilimia 25 dhidi ya 17. Kumsomesha mwanafunzi mmoja wa ASAP kuligharimu zaidi kwa zaidi ya nusu, ila kwa kuwa waliohitimu walikuwa wengi hivyo, gharama ya kila shahada ilishuka. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga mpango huo, na matokeo yakafanana.

Tukumbuke pia upande wa pili wa namba hizo: hata kwa ASAP, sita kati ya kumi walikuwa hawajamaliza kwa miaka mitatu. Umaskini una njia nyingi za kumtoa mtu darasani, na kadi ya basi inaziba mojawapo. Lakini wanafunzi wa makundi yote mawili walikuwa na akili zilezile na bidii ileile. Bahati nasibu ilihakikisha hivyo. Kilichowatofautisha ni nauli, vitabu, na mtu mmoja anayejua majina yao.

Nilimpigia dada nikamsimulia yote haya. Sasa ana watoto wawili, bado anafanya kazi na wazee. Nilimweleza habari za kadi. Nilimweleza habari za mshauri mwenye wanafunzi 60. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Hiyo programu ya kwanza kabisa," akauliza, "umesema mwaka gani?"

"1964."

"Kwa hiyo walikuwa wanajua," akasema. "Mimi sijazaliwa, wao wanajua tayari."

Sikuwa na jibu. Baadaye kidogo akaniuliza kama krediti alizopata zamani bado zinahesabika.