Kiazi cha kijani, muhogo wa mistari myeusi: kipi cha kula?

Hapa Ziwa, nje ya Eldoret, muhogo hutufikia umechoka. Umekaa njiani siku kadhaa, na ukiukata utaona mistari ya buluu na nyeusi. Wengi wetu tuliotoka Pwani huutupa palepale. Kando yake pana fungu la mbatata ngumu, zilizojaa, zenye kijani upande mmoja, na hizo hununuliwa bila swali. Kwa maoni yangu, mambo yamegeuzwa hapo.

Mistari ile si sumu. Muhogo ukishang'olewa, siku mbili tatu tu huanza kuharibika wenyewe, na mishipa yake hugeuka rangi. Ladha hupungua, lakini kata palipoharibika upike kilichobaki. Madoa makavu ya kahawia nayo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na watafiti wa Amani, Tanga, tangu 1936. Huuma mmea, haumuumi mlaji. Ute, ukungu au harufu ya kuvunda ni jambo jingine, tupa.

Sumu ya muhogo, ile sianidi, haina rangi. Muhogo mweupe pepepe waweza kuwa nayo, hasa uliokua wakati wa ukame, na dalili yake ni uchungu. Muhogo mchungu usiutafune mbichi, wala usiukaange na kuutia pilipili na ndimu ukadhani umeupika. Wanaoulima huuloweka siku kadhaa, wakauanika, ndipo wakausaga. Hata ule mtamu, menya vizuri, chemsha kwa maji mengi, na maji hayo uyamwage.

Sasa mbatata. Kijani chenyewe ni rangi ileile ya majani, hakina madhara. Lakini huja kiazi kikikaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo huongeza solanini, ambayo hukaa zaidi kwenye ngozi na machipukizi. Kuchemsha hakuiondoi, wala mafuta ya viazi karai. Kule London, wavulana 78 wa shule moja waliugua kwa kula viazi vilivyobaki tangu muhula uliotangulia, na 17 wakalazwa hospitali. Huanza kwa tumbo, kutapika na kuhara.

Doa dogo la kijani, chonga kwa unene pamoja na macho yake. Kijani kikienea, kiazi kikisinyaa na kuchipua, au ukionja kikawa kichungu, usimpe mtoto wala usile wewe. Tumelelewa kuogopa israfu, najua, lakini kukitupa hiki si israfu. Aina ya Shangi huchipua upesi, kwa hivyo nyumba ya watu wanne haina haja ya gunia. Uwazi katikati ya kiazi kikubwa hauna neno.

Kiazi kitamu chenye vijia vyeusi vya fukusi kina shida yake. Kikishambuliwa hujitengenezea uchungu, nao huenea mbali na tundu na hautoki kwa kupika. Hapo kuchonga hakusaidii.

Nyumbani, weka mbatata gizani, pakavu, penye hewa. Sokoni, mimi humwomba muuzaji anijazie ndoo kutoka chini ya gunia, zile ambazo jua halijaziona. Hununa kidogo, kisha hujaza.