Mita 400 na Harufu ya Dawa

Makuyuni ninayoisema ni ya Korogwe, iliyo kwenye reli ya Tanga ukielekea Mombo, si ile ya Monduli wanakopinda watalii kwenda Manyara. Nimekuwa bwana afya katika wilaya mbili hizi, Korogwe na Handeni, tangu enzi za baiskeli mpaka enzi za pikipiki, na sasa nimestaafu. Watu wakianza kusimulia historia ya maji ya huku kwetu, husimulia bomba lilifika lini na aliyelizindua ni nani. Mimi swali langu limekuwa lingine siku zote: lilipofika, lilitoa nini?

Mabomba ya mwanzo katika bonde hili hayakuletwa kwa sababu ya kiu ya mtu. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe mwaka 1902, na garimoshi la mvuke halitembei bila maji. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini. Mashamba yalipoenea, zikaja korona, yaani mashine za kusaga jani la mkonge libaki singa tupu, nazo zina kiu kupita garimoshi. Maji ya mto yakavutwa hadi korona kwanza; kambi za manamba zikapata kilichobaki. Yalipomaliza kazi yalirudishwa mtoni yakiwa na rangi ya kijani, machachu, yamebeba makapi ya majani, na vijiji vya chini vikachota humo humo. Wazee wa pembezoni mwa Mto Pangani wanaijua harufu hiyo bila kuelezwa. Ilibidi tungoje karne ya 21 ndipo pale Hale ujengwe mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na umeme.

Handeni kisa chake ni tofauti. Korogwe tuna mto na vijito vinavyoshuka Usambara, wao wana malambo, na visima ambavyo vingi ni vya chumvi. Ukame ulishawahi kuwatawanya Wazigua mbali sana: katika karne ya 19 njaa iliwafanya wengi waishie utumwani kusini mwa Somalia, na vizazi vyao kwenye Mto Juba viliendelea kusema Kizigua. Vita ya Somalia ilipowakimbiza, baadhi yao walirudi na kupewa makazi Chogo, Handeni. Nilipokwenda huko kikazi, mzee mmoja alinisalimu kwa Kizigua safi, kisha kabla hata sijaketi akaniuliza habari za maji. Nikajua kweli huyu ni wa huku.

Basi mwaka 1971 Serikali ikatangaza mpango wa miaka 20: ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Vijiji vya ujamaa vilipojazwa watu, mabomba yalitakiwa kuwafuata. Ndipo tukapata HTM, bomba kuu la Handeni, mmoja wa miradi iliyoitwa ya kitaifa pamoja na Makonde, Wanging'ombe na mingineyo. Maji yanachotwa Mto Pangani huku kwetu bondeni, yanasafishwa, kisha yanapandishwa kwa pampu hadi Handeni, ambako ni juu. Naomba msomaji aikumbuke hiyo pampu.

Sina ugomvi na mpango ule. Ulikuwa na huruma, na maji yalikuwa bure. Lakini tazama kilichopimwa: mita 400. Umbali unaupima kwa hatua za miguu na katibu kata anauandika kwenye ripoti jioni hiyo hiyo. Usafi hauonekani kwa macho. Unahitaji chupa iliyochemshwa, barafu, gari la kufikisha sampuli maabara kabla haijaharibika, na mtu wa kurudisha majibu. Kwa hiyo tulihesabu vilula, na kila kilula kikaandikwa "maji safi na salama" siku kilipofunguliwa.

Hata viwango vyenyewe vilikuwa vya mapatano. Mwaka 1974 nchi ilijiwekea viwango vya muda vya maji ya vijijini vikiruhusu floridi hadi miligramu 8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Walioandika namba ile hawakuwa wajinga. Walijua kwamba wangeshikilia 1.5, visima vingi vya Arusha na mikoa jirani vingefungwa na watu wangebaki na madimbwi. Floridi si tatizo letu kubwa huku, ila nimeitaja kwa kuwa inaonyesha neno "salama" lilivyopatikana: kwa kupima ubaya huu dhidi ya ule.

Kipindupindu ndicho kilichotusuta. Mwaka 1977 kilizuka Rufiji na kikasambaa nchini, nami nilikuwa kijana mpya kazini, nimepewa ndoo ya unga wa klorini na kijiko. Mjini hawakuniamini. "Bwana Afya, sisi tunakunywa ya bomba. Nenda kwa wale wa mtoni." Walinifukuza kwa adabu, na chai walinipa.

Nilichokuwa nikijaribu kuwaeleza nitakieleza tena, maana hadi leo hakijaeleweka. Maji ya mto yanapoingia mtamboni hutiwa shabu ili tope lijishike mabonge na kutuama, hupitishwa kwenye mchanga, mwisho hutiwa klorini. Klorini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuua vijidudu pale pale mtamboni. Ya pili ni kusafiri na maji kama askari wa zamu, ili uchafu ukiingia njiani ukutane naye. Ndiyo maana kipimo cha kweli hakichukuliwi mtamboni, kinachukuliwa kwenye bomba la mwisho kabisa la mstari: pale klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Mtamboni maji huwa mazuri karibu kila siku. Ubaya huanzia njiani.

Sasa turudi kwenye pampu. Ikizimika, kwa sababu ya umeme, dizeli au kipuri, maji ya kwenye bomba hushuka na kuacha utupu. Bomba lililojaa na lenye msukumo, hata likiwa na tundu, huvujisha maji nje. Bomba tupu hufanya kinyume: hufyonza. Dimbwi lililo juu ya maungio mabovu, mkojo wa ng'ombe, maji ya choo cha jirani, vyote huvutwa ndani. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote, na ndiyo yanayogombaniwa, maana watu wamekaa siku tatu bila tone. Ongeza wale waliotoboa bomba kuu porini ili wanyweshe mifugo. Nimesimama kwenye shimo la vali, vyura wanaogelea juu yake, na mita 50 mbele kina mama wamepanga madumu kwenye kilula kilichopakwa rangi nzuri ya buluu.

Kukatika huku kwa maji hakukuwa kwetu peke yetu. Watafiti White, Bradley na White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 wakipima maji ya majumbani. Wenzao waliporudi sehemu zile zile baada ya miaka 30 walikuta nyumba zenye bomba zimeshuka kutoka wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku hadi 66. Bomba lilikuwepo ukutani, maji hayakuwepo. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ikaanza kusema wananchi wachangie gharama. Wengi walinung'unika. Mimi naona kulipa hakukuwa kosa, kosa lilikuwa kulipia ndoo bila kuwa na pa kuuliza kilichomo ndani yake.

Waliokuwa na mashaka tangu mwanzo ni kina mama. Maji ya bomba waliyaacha mtungini usiku kucha yatulie, wakayachuja kwa kanga iliyokunjwa, wengine wakasaga mbegu za mlonge na kukoroga. Vijana wa ofisini tuliwacheka. Mwaka 2003 Rita Colwell na wenzake walichapisha utafiti wa Bangladesh: kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Sari na kanga zote ni vitambaa vya pamba. Hakuna aliyekuja Korogwe kupima ya kwetu.

Mambo yamesogea. RUWASA ilianza mwaka 2019 kushika maji ya vijijini, na mwaka 2022 ikasainiwa mikataba ya mradi wa Miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India; Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Hotuba zinataja kilomita za mabomba na ujazo wa matenki. Mita 400 zimevaa suti mpya.

Juzi kijana mmoja wa maji alipita mtaani kwetu na kikasha cha vipimo. "Shikamoo, mzee." Nikamwambia asihangaike na bomba la kwangu, lipo karibu na tenki, apande hadi nyumba za mwisho kule kilimani, tena aende asubuhi maji yanaporudi. Akaniambia huko hata hawapendi kuonekana, watu wanawalalamikia kwamba siku hizi maji yananuka dawa. Nilimwambia siku wakiacha kulalamika ndiyo siku ya yeye kupanda mbio. Mke wangu naye ni miongoni mwa walalamikaji. Huyaacha kwenye ndoo hadi harufu iishe ndipo apikie chai. Mimi yangu nayakinga moja kwa moja.