Moshi uliomsaliti askari: bunduki za kale Tanga, 1914

Wenzangu, kuna ubishi haufi hapa kwetu: ati bunduki za kizamani zilipiga mbali kwa shabaha kuliko za sasa. Haya, twende Tanga, Novemba 1914. Askari wengi Waafrika wa jeshi la Mjerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake nene, milimita 11, na mwendo wake ni kama mita 430 tu kwa sekunde. Kufika mita 300 imeshashuka zaidi ya mita 2, kwa hiyo lazima uinue mtutu kwa kukisia umbali. Ukikosea kukisia, umepiga mchanga au majani ya minazi.

Tena baruti yenyewe ilikuwa ile nyeusi. Ukifyatua mara moja tu, wingu la moshi linakuziba macho, na adui aliye mbali anajua ulipolala. Mimi naona huo ni ukatili: mtu anapewa silaha inayomtaja.

Bahati yao, Tanga walipigana karibu karibu, mashambani na vichakani. Waingereza wakakimbilia meli, wakaacha mamia ya bunduki mpya zisizotoa moshi. Zikatosha kompania tatu. Kompania nyingine zikaendelea na ya 1871.