BI HALIMA NA MAZIWA YALIYOPUNGUA



Ndugu zangu wa Ndalambo na kokote mnakosoma, darasa la leo ni la mtoto mchanga asiyeongezeka uzito, na mama yake anayesemwa. Mtoto akidhoofu, maneno huanza: mama hana maziwa, maziwa yake mepesi. Kisha uji mwembamba unakorogwa kimyakimya, mtoto hajafikisha hata mwezi.

Turudi kwenye sira. Imesimuliwa kwamba Bi Halima wa Banu Saad alikwenda Makka katika mwaka wa ukame. Maziwa yake hayakumtosha mwanawe, na ngamia wao hakutoa hata tone. Mtoto alilia kwa njaa, wazazi hawakulala. Huyo ndiye ambaye Allah alimchagua amnyonyeshe Mtume wetu (S.A.W), na maziwa yakajaa. Basi nani kati yetu amdharau mama aliyepungukiwa?

Kabla yake alinyonyesha Thuwayba, ambaye alimnyonyesha pia Hamza (R.A). Ndiyo maana Mtume (S.A.W) alipotajiwa kumwoa binti ya Hamza alikataa, kwani ami yake huyo alikuwa pia ndugu yake wa kunyonya. Kusaidiwa maziwa hakukuwa aibu, kulikuwa undugu wenye sheria. Na Suratul Baqara aya ya 233, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, ndiyo hiyo hiyo inayoruhusu mnyonyeshaji mwingine na kukataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe.

Karne ya 20 msaada huo ulianza kuuzwa kwenye kopo. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alitoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alikuwa ameona watoto wakifa kwa sababu mama zao walishawishiwa kuacha ziwa na kutumia maziwa matamu ya kopo. Maji machafu, chupa chafu, na maziwa yanayoongezwa maji ili kopo lidumu, ndivyo vinavyoua. Mwezi Mei 1981, Mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti biashara hiyo kwa kura 118. Iliyopinga ni Marekani peke yake. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994.

Tena tusisahau mizani. Kuanzia mwaka 1983, mkoani Iringa, serikali pamoja na UNICEF na WHO walianzisha mradi wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na kamati ya kijiji ikajadili matokeo. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Wale hawakubishana kwa macho, walipima.

Basi tushike haya:

1. Mpelekeni mtoto kliniki apimwe. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini afikapo wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa.

2. Muuguzi aangalie anavyoshika ziwa. Anyonye usiku na mchana, mara 8 au zaidi.

3. Mtaalamu akisema anahitaji nyongeza, ya kwanza ni maziwa ya mama mwenyewe, yakamuliwe na apewe kwa kikombe safi.

4. Akinyonyeshwa na mama mwingine, huyo apimwe VVU kwanza, na jina lake liandikwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kunyonya mara tano kamili ndani ya miaka miwili huleta undugu unaozuia ndoa.

5. Maziwa ya kopo ni kwa maelekezo ya mtaalamu, kwa kipimo kilichoandikwa, na maji yaliyochemshwa. Yakihitajika kweli, kumnyima mtoto kwa kuogopa kusemwa ni dhulma.

6. Maji, uji na maziwa ya ng'ombe visubiri miezi sita.

Mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akiwa wa manjano au hakojoi, msingoje asubuhi.

Akina baba, nauli ya kliniki ni juu yenu, na chakula cha mzazi pia, kama aya hiyo hiyo ilivyosema. Na akina bibi zetu, nyinyi ndio wenye sauti ndani ya nyumba. Mwambieni mkwe wenu neno la kumtia moyo.

Allah awakuze watoto wetu na awape mama zao nguvu. Aamin.

Wallahu a'lam.